Jai Krishna wa Roorkee na Nyumba ya Mkulima wa Ufipa

Utangulizi

Katika semina moja ya viongozi wa vijiji iliyofanyika mjini Sumbawanga, tuliwauliza washiriki swali lililoonekana kuwa jepesi: ni mambo gani makubwa yaliyopata kuikumba ardhi ya Ufipa tangu siku za babu zetu? Majibu yalikuja kwa wingi. Mmoja alitaja sotoka iliyofyeka ng'ombe. Mwingine alitaja kuingia kwa Wajerumani na kodi yao. Wengine walitaja kuhamia vijijini katika miaka ya sabini. Hakuna hata mmoja aliyetaja tetemeko la ardhi la tarehe 13 Desemba, 1910.

Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tunaofundisha tulilijua jambo hilo tukiwa watu wazima, tena kwa kusoma. Lakini usahaulifu huo una hatari yake, kwa sababu jamii isiyokumbuka adui yake hujenga nyumba mlangoni pake.

Makala haya yana shabaha ya kueleza maisha na kazi ya mhandisi mmoja wa Kihindi, Jai Krishna, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1999. Msomaji anaweza kuuliza: mtu wa Roorkee anatuhusu nini sisi wa Sumbawanga? Anatuhusu kwa sababu alikabili swali ambalo ndilo letu pia. Swali hilo ni hili: nchi iliyotoka katika ukoloni, yenye wataalamu wachache na fedha kidogo, yawezaje kujipatia taaluma ya kuwalinda watu wake, na taaluma hiyo itafikaje mpaka kwenye nyumba ya mkulima?

Ufipa juu ya Ufa

Kwanza tuitazame ardhi yetu. Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya mabonde mawili. Magharibi yake lipo Ziwa Tanganyika na mashariki lipo Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maziwa yote mawili yako chini yake kwa karibu meta 1,000. Anayeshuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwenda Rukwa huona kwa macho yake kwamba ardhi hii imekatwa na kushuka. Ndiyo kazi ya Bonde la Ufa. Tena juu ya uwanda wenyewe, karibu na Sumbawanga, unapita mpasuko uitwao Kanda, wenye urefu wa zaidi ya kilometa 100. Alama zake zinaonekana wazi juu ya nchi kama tuta refu.

Bara la Afrika linapanuka taratibu mahali hapa. Miamba iliyo chini huvutwa mwaka hata mwaka, ikishikana na kukataa kuachia, mpaka siku moja inashindwa. Ilishindwa mwaka 1910. Tetemeko la siku ile lilikuwa na ukubwa wa kiasi cha 7.4, nalo limo kati ya makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya 20. Halikuwa la mwisho. Mwaka 1994 tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea katika bonde la Rukwa. Tarehe 5 Desemba, 2005 lingine lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, likaangusha nyumba ng'ambo ya pili huko Kalemie.

Sasa yafaa tutafakari. Mfipa wa mwaka 1910 aliishi zaidi katika nyumba ya miti, udongo na paa la nyasi. Nyumba ya namna hiyo ina kasoro nyingi: mchwa, moto, moshi na mvua. Lakini ni nyepesi, na miti yake imefungwa kwa kamba. Ikitikiswa huyumba, na ikianguka hailemei. Nyumba iliyokuwa taabani katika tetemeko ilikuwa ile ya ukuta mzito, kama za boma la Wajerumani na za misheni.

Tangu hapo hali imegeuka. Mkulima wa Ufipa amejenga kwa tofali, kwanza tofali mbichi, baadaye tofali la kuchoma, akaezeka kwa bati. Haya ni maendeleo, na ametokwa jasho kuyapata. Hata hivyo kila hatua ya maendeleo huja na mgongano wake. Ukuta uleule unaomkinga na mvua na mchwa una uzito ambao nyumba ya babu yake haikuwa nao. Kwa hiyo tetemeko kama lile la 1910 likirudi, halitaikuta Ufipa ya 1910.

Chuo cha Mkoloni

Jai Krishna alizaliwa Muzaffarnagar, kaskazini ya India, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Waingereza. Alisomea uhandisi katika Chuo cha Thomason mjini Roorkee. Inafaa tuelewe chuo hicho kilikuwa cha namna gani. Kilianzishwa mwaka 1847 kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa ikichimba mfereji mkubwa wa kutoka Mto Ganga, ikahitaji watu wa kusimamia kazi. Elimu ilitolewa kwa kipimo cha haja za mtawala: mifereji, barabara na madaraja. Nyumba ya mkulima haikuwamo katika kipimo hicho.

Miaka aliyokuwa kijana ilikuwa miaka ya maafa. Tarehe 15 Januari, 1934 tetemeko la Bihar na Nepal liliua zaidi ya watu 10,000. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Mei, mji wa Quetta, ambao leo uko Pakistan, ulibomoka usiku watu wakiwa wamelala. Waliokufa walikadiriwa kuwa zaidi ya 30,000.

Lakini katika Quetta ileile yalionekana mafunzo. Miaka minne nyuma, baada ya tetemeko la Mach la mwaka 1931, mhandisi kijana wa reli aliyeitwa S. L. Kumar alikuwa amejenga nyumba za reli kwa mahesabu ya kuzikinga na matetemeko. Mwaka 1933 aliandika maelezo ya kazi hiyo, akayaambatanisha na ramani ya kuonyesha sehemu za India zenye hatari zaidi. Quetta ilipoanguka, nyumba zake zilisimama. Kwa hiyo jambo lilikwisha kuthibitishwa: kifo cha maelfu hakikuwa amri ya ardhi peke yake. Ardhi hutikisika, lakini anayeua zaidi ni ukuta mbovu. Mtawala aliuona ushahidi huo. Hata hivyo hakujenga juu yake taaluma ya kuwafikia wananchi wote.

Uhuru na Kazi ya Kujenga Taaluma

India ilipata uhuru mwaka 1947. Mwaka 1949 chuo cha Roorkee kilifanywa Chuo Kikuu, cha kwanza cha ufundi katika India huru. Jai Krishna alikuwa mwalimu hapo. Tarehe 15 Agosti, 1950, siku ya kuadhimisha miaka mitatu ya uhuru, Assam ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 8.6. Taifa changa lilikuwa likipanga mabwawa, viwanda na miji, nalo likapewa onyo siku ya sikukuu yake.

Jai Krishna alikwenda Uingereza, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1954. Kutoka huko angeweza kufanya kama walivyofanya wasomi wengi wa nchi changa: kubaki ugenini, au kurudi na kuinakili elimu ya ugenini kama ilivyo. Hakufanya hivyo. Alitambua kwamba uhandisi wa matetemeko ulikuwa taaluma changa hata huko Marekani na Japani, na kwamba nchi maskini ikiwahi mapema yaweza kusimama nao bega kwa bega. Akashirikiana na wataalamu wa California, hasa Donald Hudson na George Housner. Mwaka 1959 ulifanyika Roorkee mkutano wa kwanza wa kitaalamu juu ya jambo hilo. Mwaka 1960 ikaanzishwa Shule ya Utafiti na Mafunzo ya Uhandisi wa Matetemeko, na yeye ndiye mwanzilishi wake. Mwaka 1962 ikaundwa jumuiya ya wataalamu wa India wa fani hiyo, na mwaka huohuo zikatolewa kanuni za kwanza za taifa za kujenga kwa kuzingatia matetemeko.

Tuangalie namna walivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye somo. Mhandisi hawezi kukisia nguvu ya tetemeko, lazima aipime. Vyombo vya kupimia vilitengenezwa nchi tajiri kwa bei kubwa, na India ni nchi pana. Basi Roorkee wakatengeneza vyombo vyao rahisi: pendulamu kadhaa katika sanduku moja, kila moja na mwendo wake, zenye sindano ya kuchora juu ya kioo kilichopakwa masizi ya moshi. Havikuhitaji umeme. Ardhi ikitikisika, sindano inachora, na mtaalamu anakuja kusoma jinsi nyumba fupi ilivyosukumwa na jinsi nyumba ndefu ilivyosukumwa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa majaribio. Mashine kubwa ya kutikisa jengo ilikuwa ya bei isiyowezekana. Katika miaka ya sabini chuo kikapata jibu katika reli. Kibanda cha tofali cha ukubwa wa kawaida kilijengwa juu ya behewa, kisha behewa hilo likagongwa na mabehewa mengine. Mgongano ule ulitosha kuonyesha ukuta unapasukia wapi. Yupo atakayecheka akisikia kwamba sayansi ilifanywa kwa mabehewa. Sisi tunasema hapo ndipo kujitegemea kulipokuwa kazi, kukaacha kuwa wimbo.

Kazi hiyo ilipata mtihani wake mapema. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba, 1967 tetemeko liliipiga Koyna, magharibi ya India, karibu na bwawa jipya. Watu wapatao 200 walikufa na bwawa likapata nyufa. Mahali hapo palihesabiwa kuwa salama, na wataalamu wengi waliamini kwamba maji ya bwawa lenyewe ndiyo yaliyochochea tetemeko. Jai Krishna na wenzake wa Roorkee waliichambua kumbukumbu iliyochorwa na chombo kilichokuwa ndani ya bwawa, na maelezo yao, yaliyochapishwa mwaka 1969, yalisomwa na wahandisi wa dunia nzima.

Vyeo vilimfuata. Aliongoza Chuo Kikuu cha Roorkee kuanzia mwaka 1971 mpaka 1977. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan mwaka 1972. Mwaka 1977 mkutano wa sita wa dunia wa fani yake ulifanyika New Delhi, naye akachaguliwa kuwa Rais wa Jumuiya ya Kimataifa ya Uhandisi wa Matetemeko mpaka mwaka 1980, Mhindi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Hayo tunayataja kwa haraka, kwani thamani ya mtaalamu haipimwi kwa nishani.

Nyumba ya Tofali

Tunampima kwa jambo jingine. Mwaka 1965, katika mkutano wa dunia uliofanyika New Zealand, ambako wengi walizungumza juu ya maghorofa na mabwawa, Jai Krishna pamoja na mwenzake Brijesh Chandra waliwasilisha maelezo juu ya kuimarisha nyumba za tofali. Mwaka 1967 mafunzo ya namna hiyo yakaingia katika kanuni za taifa za ujenzi. Hiyo ndiyo nyumba ya wananchi wengi wa India. Ndiyo pia nyumba ya Ufipa.

Tueleze kwa ufupi walichogundua. Ardhi inapokwenda kulia ghafula, msingi unakwenda nayo, lakini uzito wa ukuta na paa unataka kubaki ulipokuwa. Kadiri ukuta ulivyo mzito, ndivyo mvutano ulivyo mkubwa. Tofali hubeba mzigo vizuri likikandamizwa, lakini likivutwa huachia upesi. Kuta nne za nyumba, zisipofungwa pamoja, kila moja huyumba kivyake. Pembe zinapasuka kwanza. Kisha ukuta mrefu unaanguka nje, na paa linashuka ndani. Pembetatu ya tofali inayoshika kenchi upande wa mwisho wa nyumba huanguka mapema zaidi, kwa kuwa iko juu na haishikwi na kitu.

Dawa yake ni mkanda. Juu ya milango na madirisha, fundi apitishe linta isiyokatika, izunguke kuta zote, za nje na za ndani, na ifungwe barabara kwenye pembe. Ikiwezekana mkanda mwingine ukae chini ya paa, na nondo zisimame kwenye pembe kutoka msingini. Paa nalo lifungwe kwenye mkanda. Hapo kuta nne zinakuwa kitu kimoja, kama pipa lililofungwa kwa pete zake. Nyumba yaweza kupasuka, lakini haiporomoki, na mwenye nyumba anatoka akiwa hai na watoto wake.

Kasoro na Masahihisho

Tusimfanye mtu kuwa mtakatifu. Kazi ya Roorkee ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ndiyo funzo kubwa kuliko yote. Tarehe 30 Septemba, 1993 tetemeko la ukubwa wa 6.2 tu liliikumba Killari katika Maharashtra. Watu karibu 10,000 walikufa katika nyumba zao za mawe na udongo. Ramani ya taifa ilikuwa imeiweka sehemu hiyo katika daraja la hatari ndogo kuliko zote. Na kanuni za ujenzi, ambazo kwa wakati huo zilikwisha kuwa na umri wa miaka 30, zilikuwa zimebaki zaidi katika ofisi za wahandisi. Fundi wa Killari hakupata kuziona. Taaluma ilikuwapo, vyombo vilikuwapo, wasomi walikuwapo. Kilichokosekana ni daraja la kuvuka kutoka chuoni mpaka kijijini.

Aliyeijenga sehemu kubwa ya daraja hilo ni mwalimu mwingine wa Roorkee, Anand Swarup Arya, aliyefanya kazi pamoja na Jai Krishna. Mwaka 1986 Jumuiya ya Kimataifa ilitoa mwongozo juu ya nyumba zinazojengwa bila mhandisi, na Arya ndiye aliyeiongoza kamati yake. Mwongozo huo una michoro mingi, na maneno yake yanamlenga mjenzi wa kawaida. Unasema, kwa mfano, kwamba ukuta wa tofali mbichi usizidi mara nane ya unene wake kwa kwenda juu. Mlango au dirisha lisizidi upana wa meta 1.2, na likae umbali usiopungua meta 1.2 kutoka pembe ya nje. Na matundu yote kwa jumla, katika sehemu za hatari kubwa, yasizidi theluthi moja ya urefu wa ukuta. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Arya tuzo ya Sasakawa kwa kazi ya kuzuia maafa.

Mafunzo Kwetu

Tarehe 10 Septemba, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, nyumba nyingi za tofali zikaanguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Kipimo cha 5.9 ni kidogo mno mbele ya kile cha 1910. Kwa mujibu wa hesabu za wataalamu, tetemeko la 7.4 hutoa nguvu zaidi ya mara 150. Mwenye masikio na asikie.

Katika semina ile tuliyoitaja mwanzo, baada ya kueleza habari za mkanda, mwashi mmoja mzee alisimama akasema: "Ndugu Mwalimu, maneno yako ni mazuri. Lakini mwenye nyumba ananiambia nipitishe mbao mbili juu ya mlango, basi. Saruji na nondo ananunua nani?" Ukumbi ulicheka, nasi tulikosa jibu la haraka. Swali lile lina thamani kuliko hotuba yetu nzima, kwa kuwa ndilo linalotenganisha taaluma inayotumikia umma na taaluma ya kujipamba.

Jibu tulilolipata baadaye kwa kujisomesha ni hili. Mkanda si lazima uwe wa zege. Kwa nyumba ya tofali mbichi, mwongozo ule unakubali mkanda wa mbao: miti miwili inayokwenda sambamba juu ya ukuta, imeunganishwa kwa vipande vya kukata, na kupigiliwa misumari vizuri pembeni. Kusogeza dirisha mbali na pembe hakumgharimu mtu hata senti. Kupunguza kimo cha ukuta kunapunguza gharama. Kuiacha pembetatu ya tofali na kuijaza kwa mbao au bati kunapunguza uzito na kuokoa tofali. Nyumba ya chumba kimoja imara ni bora kuliko ya vyumba vinne inayongoja siku yake. Na pale ambapo fedha ya umma ndiyo inayojenga, yaani shule, zahanati na ofisi, hapana udhuru wowote. Mtoto hakuchagua darasa analokaa. Sisi ndio tuliomchagulia.

Wapo wanaodhani kwamba utaalamu ni mgeni Ufipa. Hawaijui historia. Mfipa alikuwa mfua chuma stadi. Malungu yake, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yalisimama juu ya nchi hii vizazi vingi, na aliyeyajenga alijua udongo upi unastahimili moto na upi unapasuka. Ujuzi ule ulizimwa na majembe ya kiwandani yaliyoletwa na biashara ya kikoloni. Watu waliojua kujenga ilungu hawawezi kushindwa kufunga pembe nne za nyumba. Wanachohitaji ni kupewa sababu, kipimo na mchoro, kwa lugha yao, na kuheshimiwa kama mafundi.

Hitimisho

Jai Krishna hakuzuia tetemeko hata moja, wala hakuna mtu atakayelizuia. Alichofanya ni kuhamisha swali kutoka mbinguni kulileta mikononi mwa watu: tofali hili litashikwa na nini? Aliyafanya hayo katika nchi maskini, kwa kioo cha masizi, na wanafunzi wake wakaongeza mabehewa ya reli. Pale kazi yake ilipokosea, ilikosea kwa kuchelewa kumfikia fundi wa kijijini, na wenzake wakaanza kuisahihisha.

Sisi wa Ufipa tumepewa muda. Mpasuko wa Kanda umenyamaza tangu babu zetu, lakini haujafa. Kazi iliyo mbele ya kila kiongozi wa kijiji, mwalimu na mwashi si kubwa kupita uwezo wetu. Jioni ya leo, ndugu msomaji, toka nje uizunguke nyumba yako. Tazama pembe zake. Tazama kilichoko juu ya mlango kinaishia wapi. Ukikuta kimekatika hatua moja tu baada ya mlango, basi umekwisha kujua pa kuanzia.